Kuchagua Eneo la Kambi kwa GIS: Anza na Pasipofaa

Usiku wa kuamkia Mei 1, 2024, mto Talek ulivunja kingo zake katika Maasai Mara, Kenya. Kambi za watalii zilizopangwa kando yake zilijaa maji, mahema yakasombwa, na Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya likaokoa zaidi ya watu 90, wengine kwa helikopta. Machi 2010, mto Ewaso Ng'iro ulikuwa umefanya vivyo hivyo huko Samburu. Kambi kadhaa zilibebwa, ikiwemo ya watafiti wa tembo wa shirika la Save the Elephants. Samburu ni nchi kame. Maji yale yalitoka kwenye mvua za mbali, juu milimani, na aliyelala ukingoni hakuwa na wingu la kumtahadharisha.

Waliojenga pale hawakuwa wajinga. Ukingo wa mto una miti mikubwa, udongo laini wa kupigilia mambo za hema, ardhi iliyonyooka na wanyama wanaokuja kunywa. Ila tazama sifa hizo mojamoja: udongo laini uliletwa na mafuriko, ardhi ilisawazishwa na mafuriko, na miti imenenepa kwa sababu maji hayako mbali. Jicho linapopapenda mahali, mara nyingi linapenda kazi ya mto.

Hapo ndipo ramani za kompyuta zinapofaa. Mifumo ya taarifa za kijiografia, ambayo wengi huiita GIS tu, hupanga matabaka ya taarifa moja juu ya jingine: miinuko, mito, barabara, uoto, mipaka. Mtu anayetafuta mahali pa kupiga kambi hushawishika kuiuliza kompyuta swali la "wapi ni pazuri?" Swali lenye tija zaidi ni "wapi nisithubutu kulala?" Ramani nzuri ya kambi huanza kwa kufuta.

Mfano wa kufanyia kazi hapa ni Engare Sero, kijiji kilicho kusini magharibi mwa Ziwa Natron, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, Tanzania. Wageni hufika hapo kupanda Ol Doinyo Lengai, volkano yenye kimo cha mita 2,962, ambayo wengi huikwea usiku wa manane ili kukwepa jua. Wengine huja kutazama heroe wadogo, kwa kuwa Natron ndiyo sehemu yao kuu ya kuzalia katika Afrika Mashariki. Eneo ni la joto kali, ziwa liko takriban mita 600 tu juu ya usawa wa bahari, na ardhi yake inadanganya. Kwa mwenye kujifunza, ni darasa zuri.

Kabla ya kufungua programu yoyote, andika kambi yako ni ya nani na ya lini. Wanafunzi 12 watakaolala siku mbili mwezi Agosti hawahitaji kile anachohitaji mwekezaji wa kambi ya kudumu yenye vyoo vya maji na jiko. Kikundi cha aina ya kwanza kinatosha kwenye nusu hekta, na kinaweza kuhama asubuhi. Mwekezaji hahami. Anahitaji kujua ardhi hiyo ilivyokuwa miaka 30 iliyopita.

Programu ya kuanzia ni QGIS. Haiuzwi, inafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida ya mezani au ya mkononi, na ikishakuwa na data haihitaji intaneti. Data nayo ni ya bure. Kwa miinuko kuna SRTM, iliyopimwa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani kwa siku 11 mwezi Februari 2000, na kuna ile ya Copernicus iitwayo GLO-30, iliyotokana na setilaiti za Ujerumani muongo mmoja baadaye. Zote mbili zina pikseli za mita 30 hivi kwa 30. Kwa Engare Sero, GLO-30 ndiyo ya kuchukua. Kati ya 2007 na 2008 Lengai ililipuka na kilele chake kikabadilika umbo, kwa hiyo anayesoma kilele hicho kwenye SRTM anasoma mlima ambao haupo tena.

Kosa la kwanza linalowaangusha wanaoanza linahusu vipimo. Data ya miinuko hupakuliwa ikiwa katika nyuzi za latitudo na longitudo, ilhali kimo chake kiko katika mita. Ukiiomba QGIS ikokotoe mteremko hapohapo, itachanganya nyuzi na mita, na nchi nzima itaonekana kama ukuta wa nyumba. Badilisha kwanza projeksheni iwe ya mita. Engare Sero na Lengai ziko magharibi kidogo ya longitudo ya 36, hivyo katika projeksheni ya UTM, inayoigawa dunia kwa kanda, kanda yake ni ya 36 Kusini, ambayo katika QGIS hutafutwa kwa namba EPSG:32736. Ziwa lenyewe limekatwa na mstari huo wa 36, na sehemu ya mashariki inaingia kanda ya 37. Hilo lisikutie hofu. Chagua kanda moja, weka matabaka yote humo, na kilomita chache za ziada hazitaharibu hesabu ya kambi.

Sasa kokotoa mteremko. Kwa hema, nyuzi 3 ndiyo kikomo cha kuridhisha: kwenye godoro la mita 2, mteremko huo hukuinua kichwa sentimita 10 hivi juu ya miguu. Zaidi ya hapo watu huamka wamerundikana upande mmoja wa hema. Lakini usiitafute sifuri. Mahali palipo bapa kabisa maji ya mvua hutuama, na nyuzi moja au moja na nusu ndiyo raha yenyewe. Kumbuka pia kwamba pikseli moja ni mita za mraba 900. Korongo lenye upana wa mita 3, linaloweza kuvunja ekseli ya gari, halionekani humo hata kidogo.

Ukimaliza hatua hii, ramani ya Engare Sero itakuonyesha kitu cha kutamanisha: maeneo mapana, tambarare, yanayotandaa kutoka mdomo wa kila korongo chini ya ukingo wa Bonde la Ufa. Yameenea kama upepeo wa ukindu, mpini wake mlimani na ncha zake kuelekea ziwani. Wanajiolojia wanayafahamu vizuri. Maji yanayoshuka kwa kasi kwenye korongo jembamba hufika uwandani, hupoteza nguvu, na kubwaga mchanga na mawe yaliyobeba. Mkondo ukijaa mashapo, maji huuacha na kujikatia mwingine, na mwaka mwingine tena mwingine. Ndivyo upepeo huo wa mashapo ulivyojengwa. Wahenga waliosema maji hufuata mkondo hawakupata kulala hapo.

Hii ndiyo sababu mteremko peke yake ni mshauri mbaya. Kwa kigezo hicho, upepeo wa mashapo hupata alama zote.

Kwa hiyo shughulikia maji kwa uzito wake. Ndani ya QGIS kuna zana za GRASS, na mojawapo, r.watershed, hukadiria kutoka kwenye miinuko njia ambazo maji yangepita na ukubwa wa eneo linalomwaga maji katika kila njia. Itakuuliza kiwango: eneo la ukubwa gani lihesabike kuwa limetengeneza mkondo? Katika nchi yenye mvua za kutosha watu huweka pikseli 1,000 au zaidi. Kwa nchi kame kama Natron, ambako mvua moja kubwa huangukia ardhi ngumu na kukimbia yote, teremka hadi 200 au 300, yaani kati ya hekta 18 na 27. Ramani itajaa mistari ya buluu, mingi ikiwa mikavu siku 350 za mwaka. Iache. Hiyo ndiyo unayoitafuta.

Kisha pima umbali. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Chora ukanda wa mita 60 kila upande wa mikondo yako na ufute kila kilichomo. Kwa kambi ya siku mbili sheria inaweza isikuguse, ila maji hayaulizi kibali chako ni cha muda gani. Juu ya hapo kokotoa kimo cha kila pikseli kulinganisha na mkondo ulio karibu nayo. Mahali palipo mita 100 kutoka korongoni lakini nusu mita tu juu yake ni pabaya kuliko pale penye umbali wa mita 40 na kimo cha mita 8. Wengi hupima umbali wa mlalo na kusahau wa wima, na hilo ndilo kosa linalogharimu zaidi.

Upepeo wa mashapo, kwa upande wake, usiiachie kompyuta. Fungua picha za setilaiti, tumia kitelezi cha picha za zamani kwenye Google Earth, na utazame mikondo ilivyohama mwaka hadi mwaka. Chora mipaka ya upepeo mzima kwa mkono wako, hasa sehemu ya juu karibu na mdomo wa korongo, na uufute. Kazi hiyo huchukua saa moja, na hakuna kitufe kinachoweza kuifanya vizuri kama mtu aliyetulia na kikombe chake cha chai.

Ziwa nalo lina hila yake. Natron ina kina kisichofika mita 3, na ziwa la namna hiyo likipata au kukosa maji kidogo, ufuko wake husogea sana. Mita 60 kutoka ufuko upi, basi? Kituo cha Pamoja cha Utafiti cha Umoja wa Ulaya kimechapisha ramani ya maji ya juu ya ardhi ya dunia nzima, iliyotokana na picha za setilaiti za Landsat tangu 1984, inayoonyesha kila pikseli ilikuwa na maji kwa asilimia ngapi ya muda. Pakua tabaka la upeo wa juu kabisa wa maji na upimie hapo. Utaona kwamba uwanda mweupe wenye picha nzuri za jioni ni sakafu ya ziwa iliyo likizoni. Gari likiingia humo baada ya manyunyu, hujua siku ya kuingia tu.

Kusini mwa ziwa kuna sababu nyingine mbili za kukaa mbali na ufuko. Heroe wakishtuliwa huacha viota, na Natron ni ardhioevu ya Ramsar tangu 2001. Pia karibu na Engare Sero kuna nyayo za binadamu wa kale zaidi ya 400 zilizogandishwa kwenye majivu ya volkano, zilizotangazwa na wanasayansi mwaka 2016. Eneo hilo lichore na ulifute, bila mjadala.

Baada ya kufuta, ndipo uanze kuchagua. Katika joto la Natron, kivuli cha alasiri kina thamani kuliko mandhari. Ukingo wa Bonde la Ufa uko magharibi, kwa hiyo kambi iliyo karibu nao hufunikwa na kivuli mapema, wakati walio uwandani bado wanaungua. Hili linapimika. Usitumie zana ya kawaida ya kutia kivuli kwenye ramani, maana hiyo hupaka rangi ya miteremko tu na haijui mlima mmoja unavyoufunika uwanda wa jirani. Tumia r.sunmask ya GRASS, ambayo hufuata mwale wa jua hadi pale unapozuiwa. Weka jua upande wa magharibi kwenye kimo cha nyuzi 30, kisha 20, na ulinganishe. Juni jua huzama kaskazini kidogo ya magharibi na Desemba kusini yake, basi jaribu mwezi wako wa safari. Usisogee hadi chini kabisa ya ukingo, kwani huko mawe huporomoka na makorongo huanzia.

Uoto hauna mengi ya kusema hapa. Ramani ya ESA WorldCover, yenye pikseli za mita 10, itakutenganishia vichaka, nyasi, ardhi tupu na maji, na picha za setilaiti za Sentinel-2 za Agosti na Aprili zitakuonyesha mahali miti inapobaki na majani wakati wa kiangazi. Mgunga mmoja mkubwa wa kivuli hautauona kwenye takwimu hizo. Utauona kwa macho.

Barabara zinastahili subira zaidi. Chukua za OpenStreetMap, lakini usipime umbali wa mstari mnyoofu kutoka kambi hadi zahanati. Pima kwa njia ya gari. Halafu fanya jaribio ambalo wengi hawalifikirii: kutanisha tabaka la barabara na lile la mikondo, uhesabu mara ngapi barabara yako inavuka mkondo. Njia ya kutoka Mto wa Mbu kwenda Engare Sero huvuka makorongo mengi ya msimu. Kila kivuko ni mahali ambapo msafara unaweza kukwama mvua ikinyesha, na mgonjwa akakwama nao. Kati ya kambi mbili zinazofanana, chagua ile yenye vivuko vichache kati yake na zahanati, hata kama iko mbali kwa kilomita 3.

OpenStreetMap ni kazi ya watu wa kujitolea, na ubora wake hutegemea nani amepita wapi. Dar es Salaam ina bahati. Mradi wa Ramani Huria, uliowatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa kuanzia 2015, ulichora mifereji na nyumba za kata zinazofurika kwa undani ambao miji mingi mikubwa haina. Vijiji vya wafugaji havijapata mradi wa namna hiyo. Boma linaweza kukosekana kwenye ramani kwa kuwa hakuna aliyelichora, au likawepo ilhali wenyewe walishahama. Ukiona uwanja mtupu wenye njia nyingi nyembamba zinazokutana, hiyo ni njia ya ng'ombe kwenda kunywa, na mahema yako yatakuwa katikati ya barabara ya watu.

Kuunganisha matabaka hufanywa kwa kikokotozi cha rasta. Vigezo vya usalama viandike kwa sifuri na moja, kisha vizidishe: mteremko chini ya nyuzi 3, mara umbali wa mkondo zaidi ya mita 60, mara kimo juu ya mkondo zaidi ya mita 3, mara nje ya upepeo, mara nje ya upeo wa ziwa. Sifuri moja ikitokea popote, eneo limefutwa. Kivuli, barabara na mandhari ndivyo vipewe uzito na kujumlishwa, ndani ya maeneo yaliyosalia tu. Miongozo mingi hufundisha kujumlisha kila kitu kwa pamoja, asilimia 30 hiki na 20 kile. Njia hiyo ni ya hatari kwa kambi. Katika wastani, mandhari mazuri na barabara ya karibu vinaweza kulilipia deni korongo la mafuriko, na eneo la kifo likapata alama 80 kwa 100.

Kitakachobaki ni mabaka. Ondoa yaliyo madogo kuliko pikseli 6, kwani pikseli 6 ndizo nusu hekta uliyoihitaji, na zinapaswa kugusana. Usishangae yakibaki machache. Ukibaki na mabaka matano kutoka eneo lenye mamia ya kilomita za mraba, ramani imefanya kazi yake. Yakibaki mia mbili, kuna kigezo umekilegeza.

Yahamishie kwenye simu kwa programu ya QField, pamoja na picha ya setilaiti iliyohifadhiwa kwa matumizi ya nje ya mtandao, na uende ukayaone kwa miguu. Tafuta takataka za nyasi na vijiti zilizonasa kwenye miiba. Urefu wake kutoka ardhini ndio kina ambacho mafuriko yaliwahi kufika hapo. Tazama mawe. Yakiwa ya mviringo na laini, maji yaliyasaga. Yakiwa na ncha kali, yalidondoka kutoka juu, na hilo nalo lina maana yake. Chimba kidogo kwa jembe: tabaka la mchanga juu ya tope juu ya mchanga ni shajara ya mafuriko. Kisha muulize mchungaji anakopeleka mifugo mvua kubwa ikinyesha usiku. Hilo halimo kwenye setilaiti yoyote, na mara nyingi hulipindua lile baka ambalo kompyuta ililiweka namba moja.

Ardhi ya kijiji ina wenyewe. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, halmashauri ya kijiji ndiyo inayoisimamia, na vijiji vingi vina mpango wa matumizi bora ya ardhi unaotenga malisho, makazi na hifadhi. Omba kuuona kabla hujachapisha ramani yako ya mwisho, maana huenda baka lako bora ni malisho ya kiangazi yaliyotengwa kwa ndama. Nenda kwa mtendaji wa kijiji na ramani iliyochapwa kwenye karatasi, yenye majina ya mahali kama wenyeji wanavyoyataja, si kodineti peke yake. Wazee na malaigwanani, viongozi wa jadi wa Wamaasai, wakiinama juu ya karatasi hiyo, watakurekebisha mengi kwa nusu saa. Na ukirudi mjini, ingiza kwenye OpenStreetMap vivuko vya makorongo ulivyovipita na njia ulizozithibitisha. Atakayepanga safari baada yako ataanza na data uliyoikosa wewe.